Tabea na Ufa Chini ya Gari

Tabea alijifunza kuendesha gari akiwa tayari ni bibi mwenye wajukuu. Wanawake wa rika lake kule Mulala, kwenye miteremko ya Mlima Meru, walizoea kukaa kiti cha nyuma wamepakata vikapu, na yeye alikuwa mmoja wao mpaka figo za mume wake ziliposhindwa kazi.

Dereva wa nyumba alikuwa Eliasi. Miaka yake yote ya nguvu aliendesha lori la chama cha ushirika, akishusha kahawa ya wakulima kutoka mlimani, na watu walikuwa wakisema ukimsikia Eliasi anabadilisha gia kwenye kona huna haja ya kuchungulia nje, unajua ni yeye. Alipostaafu alinunua gari dogo la Kijapani, la rangi ya fedha, lenye nafasi nyuma ya kutosha mikungu ya ndizi na magunia ya maharage. Hakulifaidi sana. Alianza kuvimba miguu, kisha uso, kisha akawa anatapika asubuhi kama mjamzito. Daktari akawaambia figo zote mbili zimekufa. Tangu hapo damu yake ikawa inasafishwa kwa mashine hospitalini, mjini Arusha, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na akaambiwa ukiruka siku moja unajitafutia kaburi. Akaambiwa pia asile ndizi. Mmeru kukatazwa ndizi! Eliasi aliomba daktari arudie, akidhani amesikia vibaya.

Akitoka kwenye mashine hakuweza hata kufunga vifungo vya shati, sembuse kushika usukani. Kwanza wakajaribu kukaa mjini, Sekei, kwa binti yao Agnela aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba ilikuwa nzuri na hospitali haikuwa mbali, lakini Eliasi alinyong'onyea pale. Asubuhi anaamka akiuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Jioni anasimama getini akitazama mlima, na mawingu yakiufunika anarudi ndani na kujifunika blanketi. Siku moja alisukuma sahani na kusema, "Nirudisheni nyumbani. Nikilala kwangu, mtanipeleka kwenye hiyo mashine mpaka Mungu mwenyewe aseme basi. Nikikaa huku, siendi tena."

Eliasi hakuwa mtu wa kurudia maneno. Ndipo Tabea alipochukua ufunguo.

Alifundishwa kwenye uwanja wa kanisa, mume wake akiwa kando yake na kofia ya sufu kichwani, akitoa amri kwa sauti ya mgonjwa. "Achia breki taratibu. Taratibu, Mama Agnela, hukamui ng'ombe." Aligonga goli la watoto. Aliwatimua mbuzi wa mchungaji. Lakini alipata leseni, na mvua za vuli zilipokuja alikuwa anashuka na kupanda ile barabara ya udongo kati ya Mulala na lami ya Leganga, asubuhi na alasiri, na mgonjwa wake kiti cha mbele amefungwa mkanda. Vijana wa bodaboda wakawa wanamsogelea pembeni na kumpungia mkono. Kwa namna fulani, katikati ya shida ile, alikuwa na fahari ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Mlio ulianza masika. Kila alipoondoa gari, nyuma kulisikika "ko!", kama mtu anagonga kwa ngumi chini ya kiti. Eliasi aliusikia siku ya kwanza.

"Simama," alisema. "Rudi nyuma kidogo. Simama tena. Hiyo siyo shokapu. Kuna kitu kinacheza ambacho hakitakiwi kucheza."

Walipofika Leganga wakamwita kijana mmoja mchomeleaji wa kando ya barabara. Akalala chini, akasema ni ufa mdogo tu pale chuma cha nyuma kinaposhikana na bodi. Akauchomelea palepale, matope yakiwa bado yanadondoka, akapaka lami nyeusi juu. "Tayari, mama." Mlio ukakoma. Tabea akashukuru, akasahau.

Halafu ikaja Jumatano moja ya mvua kubwa. Walikuwa wameshuka nusu ya mlima, pale barabara inapovuka korongo, tairi la nyuma lilipoingia kwenye shimo lililojaa maji. Tabea alisikia sauti ya bati linalochanika, ndefu, kama mtu anang'oa paa. Usukani ukamvuta pembeni, gari likakaa upande, likagoma. Alipotoka na kuinama kutazama, aliona tairi la kulia la nyuma limeinamia ndani, na juu yake chuma kinene kikiwa kimening'inia ambapo hakikupaswa kuwa.

Eliasi alikuwa hajasafishwa damu tangu Jumatatu. Maji yote aliyokunywa na yote aliyokula yalikuwa bado mwilini. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

Tabea alimpigia dereva wa teksi wa Leganga. "Mama, barabara hiyo kwa mvua hii?" Akampigia mwingine, hakupokea. Akampigia Agnela, simu ikakosa mtandao. Akasimama katikati ya barabara, viatu vimezama kwenye tope, akitazama juu na chini, na hakukuwa na kitu kinachokuja. Alipita mara kadhaa upande wa Eliasi kuangalia kama bado anapumua. Alitaka kupiga kelele lakini hakujua amwite nani.

Aliyetokea ni Lemomo, kijana wa pikipiki anayeshusha maziwa kutoka kwa wafugaji wa juu. Alisimama, akaangalia gari, akamwangalia mzee ndani, na bila kuulizwa akaanza kufungua kamba za madumu ya maziwa.

"Yeyo, mama yangu, huyu hawezi kujishika," alisema.

"Namfunga," alisema Tabea.

Alifungua kitenge chake kiunoni, akabaki na gauni la ndani lililolowa, na akamfunga mume wake mgongoni mwa Lemomo kama mama anavyombeba mtoto, akapitisha kitenge chini ya makwapa, akakaza fundo kifuani kwa kijana. Yeye akapanda nyuma kabisa, akamkumbatia Eliasi kwa mikono yote miwili. Wakashuka hivyo. Pikipiki iliteleza, Lemomo akaweka miguu chini, wakaendelea. Sikio la Tabea lilikuwa mgongoni kwa mume wake, na ndani ya mgongo ule alisikia sauti ya maji yanayochemka.

Pale lami wakapata pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka mboga mjini. Hospitalini muuguzi alipomwona Eliasi hakuuliza jina, alikimbia kutafuta kitanda chenye magurudumu.

Hakufa. Maji yalikuwa yameingia kwenye mapafu, wakamweka kwenye mashine saa zile zile, wakamlaza. Siku ya pili yake, akiwa na mpira wa oksijeni puani, alifungua macho.

"Gari liko wapi?"

"Liko kwa fundi," alisema Tabea. Lilikuwa bado korongoni, limeegemea ukingo, Lemomo na wenzake wakililinda lisiibiwe vioo.

"Wewe hujui kudanganya. Limekatika?"

Tabea alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka. "Limekatika."

Eliasi akafumba macho. "Basi," alisema. "Na mimi basi."

Walikuwa wamekwisha kuuza kila kinachouzika kwa ajili ya matibabu. Gari jingine halikuwepo hata kwa ndoto. Agnela alimpata mamaye amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, amevaa sweta la muuguzi. Ni Agnela aliyeuliza huku na huku, akaambiwa habari za fundi wa bodi anayeitwa Ndesanjo, wa mtaa wa Engutoto mjini, anayetengeneza magari ya watalii yaliyopasuka kwa barabara za mbugani. Wakalitoa gari korongoni kwa lori la kuvuta, wakalipeleka.

Gereji ya Ndesanjo ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, chenye shimo la kusimamia chini ya gari. Mwenyewe alikuwa Mchaga wa Machame, mrefu, aliyekuwa akitembea ameinama kidogo hata mahali pasipo na paa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mgonjwa."

Ndesanjo alishuka shimoni, akakaa muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono bila haraka, na Tabea akaisoma ile polepole yake kama alivyojifunza kusoma polepole ya madaktari.

"Mama, pole sana. Hili nakushauri liuzwe vipande."

"Kwa nini?"

"Shuka uone."

Alishuka, ameshika pindo la gauni. Ndesanjo akamulika. "Unakiona hiki chuma kikubwa? Tunakiita sabfremu. Ndicho kinachobeba difu, ile inayozungusha magurudumu, na mikono ya magurudumu ya nyuma. Ukiondoa gari, ukifunga breki, ukiingia shimoni, nguvu zote zinapita hapa. Na kimefungwa kwenye bodi kwa bolti nne tu. Chuma chenyewe hakina tatizo. Tatizo ni bodi. Bodi ni bati, na bati likivutwa na kusukumwa kila siku, linachoka, linapasuka. Hapa kulia bolti imetoka na kipande kizima. Hapa kushoto kuna nyufa. Hizi mbili za mbele sizioni vizuri kwa hii lami waliyopaka chini yote kuzuia kutu."

"Kijana wa Leganga alichomelea."

"Alichomelea kutu na matope. Haikushika popote."

"Likichomelewa vizuri je?"

Ndesanjo akamulika tena zile nyufa, akasema, "Kwa maneno inawezekana. Unashusha sabfremu yote chini. Unatoa bomba la moshi, unatoa tanki la mafuta, maana ukichomelea karibu na tanki mnaungua wote. Unakwangua lami mpaka bati libaki linang'aa. Unatafuta kila ufa unapoishia, unatoboa tundu dogo pale mwishoni ili usiendelee kukimbia. Unachomelea ufa. Halafu juu yake unaweka pleti nene, umeichonga ikae sawasawa, ili nguvu isikae sehemu moja, isambae. Bolti zote nne. Na hata hapo, mama, nikilifunga halafu likakatika uko mteremkoni na mgonjwa, nitakuwa nimewaua."

"Nisipolipata, atakufa bila wewe kuligusa."

Alisema bila kupandisha sauti. Ndesanjo akamtazama, ndipo Tabea akamwambia yote: mashine, Sekei, ndizi, kitenge mgongoni kwa Lemomo, na lile neno "basi" la hospitalini. Fundi alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa shimo.

"Kuna mbavu za bodi, hapa ndani," alisema mwishowe, akigonga kwa bisibisi. "Ndizo zinazobeba kila kitu. Kutu ikiwa imefika kwenye mbavu, naacha. Hata ukilia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na msaidizi wangu amekwenda Rombo, amefiwa. Kukwangua tu ni kazi ya siku."

"Nipe kifaa," alisema Tabea. "Nitakwangua mimi."

Alidhani atakatazwa. Ndesanjo alimletea miwani ya plastiki, brashi ya waya, chuma bapa cha kukwangulia na ovaroli ya yule msaidizi, akampa na kipande cha boksi cha kulalia.

Hivyo ndivyo mama wa Mulala, mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, alivyolala chali chini ya gari lililopandishwa juu ya stendi, Engutoto, akikwangua lami. Ilikuwa ngumu kama ukoko wa sufuria. Ilimdondokea shingoni, ikaingia kwenye nywele, mikono ikafa ganzi kwa kunyanyuliwa. Alikuwa akienda hospitali asubuhi, akirudi chini ya gari mchana. Hakuwaza mengi. Akiwaza aliwaza bati lililo mbele ya pua yake. Lilipong'aa, nyufa zilijitokeza, nyembamba kama unywele, zikitoka kwenye tundu la bolti na kutawanyika. Kila alipopata mpya alichora duara kwa chaki.

Jumapili Eliasi aliruhusiwa, wakampeleka kwa Agnela. Jumatatu asubuhi aligoma kunyanyuka.

Tabea hakuwepo. Alikuwa ametangulia gereji alfajiri, akijua Agnela ndiye atakayempeleka baba yake. Alikuwa amebakiza bolti ya mwisho, ya mbele kulia. Alikwangua, lami ikabanduka kwa pande kubwa kuliko kawaida, na chini yake hapakuwa na bati la kung'aa. Palikuwa na kahawia. Alibonyeza kwa kidole gumba, kile kitu kikabonyea, na unga mwekundu ukamwagikia kwenye miwani.

Ulikuwa ubavu wa bodi. Ndesanjo alikuwa amemwonyesha kwa bisibisi, hakuweza kujidanganya.

Aliifuta miwani kwa mkono wa ovaroli. Upande wa pili wa kiwanja alisikia grenda ya Ndesanjo ikikata pleti. Alikuwa tayari anakata pleti! Pande la lami lililobanduka lilikuwa kifuani mwake, zito, bado lina unata upande mmoja. Alilichukua. Akalirudisha lilipotoka, akaligandamiza kwa kiganja, likashika. Ukiangalia haraka, usingeona kitu. Angeweza kusema hapa nimemaliza, hapa hapana ufa. Gari lingefungwa wiki ile ile. Eliasi angelala kitandani kwake.

Alilishikilia lile pande kwa muda. Kisha akaona korongo, na maji ya shimo lile, na akasikia tena ile sauti ndani ya mgongo wa mume wake. Akauachia mkono. Lami ikamwangukia usoni.

"Fundi!" aliita. "Njoo."

Ndesanjo alilala kando yake, akachoma kwa bisibisi, bisibisi ikapita mpaka kwenye mpini. Alitoka chini ya gari, akachomoa waya wa grenda, akaenda kukaa kwenye ngazi ya ofisi yake. Tabea naye akatoka, akakaa juu ya tairi. Hakulia, hakuomba, maana walishaelewana.

Hapo ndipo simu ikalia. Alikuwa Agnela. "Mama, baba hataki. Amegeukia ukutani. Nimemwambia nitamwita mchungaji, amesema nimwite tu, atamkuta hapo hapo. Mama, njoo."

Ndesanjo alikuwa amesikia sauti ya Agnela, simu ilikuwa na spika kubwa. Alivuta kofia mbele, akairudisha nyuma.

"Ubavu mmoja," alisema, kama anazungumza na ngazi. "Ni mmoja tu, tena kipande. Nikipata bodi nyingine ya gari kama hili, naweza kuukata ule mzima nikaupandikiza hapa. Lakini siwezi kuutengeneza kwa bati la kukunja. Kuna wauza chakavu kule mtaa wa Unga Limited. Sijui kama wanalo."

Tabea alikuwa amekwisha kusimama. "Nitalitafuta. Kwanza nimwone mume wangu."

Alipanda bodaboda na ovaroli yake hivyo hivyo. Aliingia chumbani kule Sekei akiwa mweusi usoni, nywele zimegandamana, mistari miwili mieupe ya miwani ikizunguka macho. Eliasi alisikia mlango, hakugeuka.

"Baba Agnela."

"Niacheni."

"Geuka unione, halafu tutakuacha."

Aligeuka, kwa hasira zaidi kuliko kwa utii. Akamtazama mke wake, akamtazama tena.

"Umefanywa nini?"

"Nilikuwa chini ya gari."

"Chini ya gari unafanya nini?"

"Nakwangua. Fundi anaweka pleti kwenye bolti zote nne. Ubavu wa mbele kulia umeoza, natafuta mwingine."

Agnela, aliyekuwa amesimama na bilauri ya dawa, alisogea nyuma akawapisha.

"Ametoa tanki?" aliuliza Eliasi.

"Ametoa."

"Lote? Au amelilaza pembeni tu?"

"Liko nje, kivulini."

"Anachomelea kwa mashine gani? Ile ya vijiti itatoboa bati."

"Ana ya waya, yenye mtungi wa gesi."

"Pleti ina unene gani?"

Tabea akamwonyesha kwa ukucha. Eliasi alitazama ukucha ule wenye lami, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. Alijiinua kwa kiwiko.

"Mwambie asichome mstari mzima kwa mkupuo. Bati litapata joto, litajikunja, na matundu ya bolti hayatakutana. Achome kidogo, aruke upande wa pili, aache lipoe."

"Nitamwambia. Na Jumatano nikikuletea jibu lake, wewe utakuwa umekufa?"

Alikuwa hajawahi kumsemesha hivyo tangu waoane. Agnela akaweka bilauri mezani. Eliasi alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu iliyovimba ikigusa sakafu, akipumua.

"Nipeni viatu," alisema.

Walipomfikisha kwenye mashine, Tabea alikwenda Unga Limited. Alitembea kutoka lundo hadi lundo la vyuma, akijibiwa hakuna, hakuna, labda wiki ijayo. Wengine waliicheka ovaroli yake. Katika uwanja mmoja, nyuma kabisa, aliona upande uliobonyea wa gari la rangi ya fedha, sawa na lake. Lilikuwa limepinduka mahali fulani, paa limelalia viti, na mtu alikuwa amepiga magoti mbele yake na moto wa gesi, anaanza kulikata liingie kwenye lori la chakavu. Tabea alikimbia. Alijiweka kati ya yule mtu na gari, mikono ameitandaza, na yule mtu akazima moto kwa kushtuka.

"Bibi, unataka kuungua?"

"Sehemu ya nyuma," alisema Tabea, akihema. "Chini. Usiiguse. Naomba, baba, usiiguse."

Ndesanjo, alipopigiwa simu, alikuja mwenyewe na grenda, akaikata, akaitoa mikononi kama mtu anayetoa mtoto. Ilikuwa nzima.

Kazi ile ilichukua muda kuliko alivyotaka mtu yeyote. Umeme ulikatika wakiwa katikati ya bolti ya pili, wakakaa mchana mzima wakitazama waya. Jumatano Eliasi alikwenda kwenye mashine tena, akinung'unika, akataka aelezwe kila kitu. Tabea alimpelekea Ndesanjo ujumbe wa kuchoma na kuruka, kwa aibu, na fundi akasema, "Mwambie mzee ndivyo ninavyofanya, lakini nashukuru." Tabea alishika taa. Aliona nyufa zake za chaki zikizibwa moja moja, pleti zikikaa juu yake zimekumbatia matundu ya bolti, na mwisho rangi ya kuzuia kutu, nyekundu, ikipakwa mpaka kwenye pembe. Sabfremu iliporudishwa, bolti tatu ziliingia vizuri. Ya nne haikuingia. Ndesanjo aliigonga, akaishusha yote, akafaili tundu, akairudisha, mara ya kwanza, mara ya pili, jasho likimtiririka. Tabea alijikuta anaomba kwa Kimeru, lugha ambayo hakuwa ameitumia katika sala tangu mama yake afariki. Ikaingia.

Walipanda Mulala Ijumaa alasiri, Eliasi akiwa ametoka kwenye mashine, amelegea, kofia imemfunika macho. Pale korongoni Tabea alisimamisha gari. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani, ikakataa kulegea. Mvua ilikuwa imechimba shimo jingine kando ya lile la kwanza.

"Siwezi," alisema.

"Pita kushoto," alisema Eliasi, macho yamefumbwa. "Tairi moja juu ya tuta. Usikanyage mafuta ghafla, acha lijivute."

Alipita kushoto. Gari liliinama, likayumba, na Tabea alisikiliza kwa mwili mzima, akingoja bati lichanike. Alisikia injini tu, na kokoto. Ng'ambo ya korongo akazima gari, akatoka, akatapika kwenye majani. Kisha akarudi, wakaendelea.

Ndesanjo alikuwa amewaonya kwamba baada ya wiki chache lazima alitazame tena, kwa sababu kilichowahi kuchoka kinaweza kuchoka pembeni ya pale ulipokitia nguvu. Tabea hakuwa na raha mpaka siku hiyo. Kila asubuhi alilala chini uani, kwenye umande, akimulika kwa simu, na majirani wakazoea kuona miguu yake ikitokeza chini ya gari. Eliasi alikuwa hajapona, wala hatapona. Kulikuwa na siku alizoshuka bila kusema neno njia nzima, uso umegeukia dirishani, na Tabea hakuthubutu kumuuliza anawaza nini. Lakini alilala kwake.

Siku ya ukaguzi walipita Engutoto asubuhi, kabla ya hospitali. Ndesanjo aliingia shimoni na taa yake, akagonga hapa na pale, akapitisha kidole kwenye kila ukingo wa pleti. Alikaa sana. Tabea alisimama juu akitazama kisogo chake.

"Njoo uone mwenyewe," alisema fundi.

Alishuka. Rangi nyekundu ilikuwa na vumbi, lakini haikuwa na mstari hata mmoja. Alizunguka bolti zote nne, akarudi kwenye ile ya mbele kulia, akaishika. Hakuweza kuiacha. Ndesanjo alisogea pembeni akampisha, akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa.

Juu yao honi ililia, kwa nguvu, mara mbili. Kisha sauti ya Eliasi, ile ya dereva wa lori, ikashuka mpaka shimoni.

"Mama Agnela! Toka huko, tutachelewa mashine."